Barazani kwa Mwalimu: Kuihamisha Kompyuta Iliyomo Ndani ya Kompyuta



Mwezi huu baraza letu linajibu swali ambalo makatibu na waweka hazina wa jumuiya zetu wamekuwa wakiliuliza tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizomo katika ofisi zetu ndogo na katika vyumba vya chini vya nyumba zetu zilikuwa zikiutegemea mfumo huo, na nyingi kati ya hizo haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu mfumo huu mpya unadai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Kwa hiyo watu wamenunua, au wanajiandaa kununua, kompyuta mpya. Nalo swali lao ni hili: "Tutayahamishaje yaliyomo katika kompyuta ya zamani, na hasa ile programu kongwe isiyokubali kufanya kazi katika mfumo mpya?"

Msomaji asiyegusa kompyuta asiupite ukurasa huu kwa kudhani haumhusu. Unamhusu pengine kuliko anavyofikiri.

Hebu tuuweke mfano mbele yetu. Tuseme ipo jumuiya ya familia 80 yenye mfuko wa mazishi. Miaka 20 hivi iliyopita kijana mmoja msomi aliwaandikia wazee programu ya kuweka hesabu za mfuko huo, akaitia katika kompyuta yenye Windows XP. Humo mna majina ya familia zote, michango ya kila mwezi, nambari za makaburi yaliyokwisha kununuliwa, na simu za jamaa wa kuarifiwa huko Mombasa, Unguja, Barawa au Uvira. Microsoft ilipoachana na Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, vijana wa jumuiya walifanya jambo la busara. Waliichukua XP nzima pamoja na programu yake, wakaifanya kuwa kompyuta pepe, wakaiweka ndani ya kompyuta nyingine. Tangu siku hiyo mweka hazina hubonyeza alama moja kwenye skrini, dirisha likafunguka, na ndani ya dirisha akaiona ile kompyuta ya zamani iko hai kama alivyoizoea. Sasa hiyo kompyuta ya pili nayo imezeeka. Feni yake inakoroma, diski yake inagota, na mfumo wake umepitwa na wakati.

Msiba hauji kwa miadi. Mtu akifariki saa nane za usiku, na mazishi yanatakiwa yafanyike upesi, ndugu zake watataka kujua mambo matatu: kaburi lipo au halipo, mfuko una kiasi gani, na nani apigiwe simu nyumbani. Ikiwa majibu hayo yamefungwa ndani ya diski isiyosomeka, wazee watabaki kukisia, na fedha za watu zikikisiwa huzaa maneno. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu siku hizi limo ndani ya mashine, na mashine hufa.

KOMPYUTA PEPE NI KITU GANI?

Kompyuta yoyote ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maunzi, yaani vitu vinavyoshikika: kichakataji, diski, waya, kadi ya mtandao. Ya pili ni programu, yaani maagizo yanayoviendesha vitu hivyo. Kompyuta pepe ni programu inayojifanya maunzi. Ndani ya kompyuta halisi, ambayo tutaiita mwenyeji, huwekwa programu msimamizi, kama vile VirtualBox, VMware au Hyper-V. Msimamizi huyu humega sehemu ya diski na sehemu ya kumbukumbu ya mwenyeji, akamkabidhi mgeni. Mgeni katika mfano wetu ni ile Windows XP. Yeye hudhani ana kompyuta yake mwenyewe. Hajui kwamba amekaribishwa chumba katika nyumba ya mtu.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa kampuni ya IBM waliokuwa Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, walitengeneza mfumo uliomwezesha kila mtumiaji wa kompyuta moja kubwa kuiona kana kwamba ni yake peke yake. Mwaka 1972 IBM iliutangaza kwa wateja mfumo wa aina hiyo kwa jina la VM/370. Mashine za siku hizo zilijaa chumba, na bei yake ilikuwa kubwa mno, hivyo kugawana lilikuwa jambo la lazima. Kompyuta ndogo za mezani zilipata uwezo huo baadaye sana. Kampuni ya VMware iliasisiwa mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikatoa programu iliyomwezesha mtu wa kawaida kufungua kompyuta moja ndani ya nyingine.

KWA NINI INAHAMIKA

Diski ya mgeni si chuma. Ni faili moja kubwa, au mafaili machache, yanayokaa katika diski ya mwenyeji. VirtualBox huliita faili hilo kwa mkia wa VDI, VMware hutumia VMDK, na Hyper-V hutumia VHDX. Kando yake huwapo faili dogo la maelezo: mgeni apewe kumbukumbu kiasi gani, kadi ya mtandao ya aina gani, diski iunganishwe kwa njia ipi. Ukiyachukua mafaili hayo ukayapeleka kwa mwenyeji mwingine mwenye msimamizi yuleyule, mgeni ataamka pale alipolala. Mandhari ya skrini yake itakuwa ileile, na herufi ya mwisho aliyoiandika mweka hazina itakuwa mahali pake.

Mashirika makubwa hufanya zaidi ya hayo: humhamisha mgeni akiwa macho, katikati ya kazi. VMware ilianza kutoa uwezo huo mwaka 2003. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge ya Uingereza na wenzao wa Copenhagen walieleza jinsi walivyoihamisha seva ya mchezo wa kompyuta huku wachezaji wakiendelea kucheza, na kusimama kwa mchezo kulikuwa kwa sehemu 60 tu za elfu moja za sekunde. Siri yao inaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kuhama nyumba. Kwanza unahamisha vyombo vyote huku watu wakiendelea kuishi humo. Kisha unarudi kuchukua vile tu vilivyotumiwa tena wakati ulipokuwa njiani. Unarudi mara nyingine, na kila mara vinapungua, mpaka vinapobaki vichache sana. Hapo unawasimamisha watu kwa kitambo kifupi, unavichukua vilivyosalia, na wote wanaamkia nyumba mpya.

Sisi hatuhitaji ufundi huo. Mfuko wa mazishi unaweza kufungwa kwa alasiri moja bila ya mtu kudhurika. Lakini ni vyema kujua kwamba jambo linalotutia hofu lina kanuni zilizokwisha pimwa.

WAKUBWA WALIVYOHAMA

Mfano wa karibu nasi ni M-Pesa, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kuwa fedha tunazowatumia wazee wetu wa Kenya huishia humo. Huduma hiyo ilianzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007. Kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Nairobi alipomtumia mama yake wa Kisumu shilingi mia tano, habari za fedha hizo zilivuka bahari hadi Ulaya na kurejea, kwa kutegemea nyaya zilizolala chini ya bahari. Mwezi Aprili 2015 mfumo huo ulihamishiwa Kenya, juu ya maunzi mapya na programu mpya.

Ule haukuwa uhamisho wa kompyuta pepe moja kama ya kwetu, bali ni kazi kubwa zaidi mara nyingi. Hata hivyo yapo mawili ya kujifunza. La kwanza, kazi ilifanywa usiku wa mwisho wa juma, na wateja waliarifiwa mapema kwamba huduma itasimama. Wenye mfumo ule, pamoja na mafundi wao wote, hawakuona haya kuwaambia watu: subirini. La pili, kilichohama hakikuwa mashine. Kilichohama ni hesabu ya kila mtu, na kipimo cha kufaulu kilikuwa kimoja: mtu akifungua simu yake asubuhi akute salio lake halikupungua wala kuzidi.

Mfano wa pili uko Columbus. Mwaka 1969 ilianzishwa huko kampuni ya CompuServe, iliyoanza kwa kuwakodisha wengine muda wa kompyuta zake. Kompyuta hizo zilikuwa za aina ya PDP-10, zilizotengenezwa na Digital Equipment Corporation. Mwaka 1983 Digital iliamua kutoendelea na ukoo huo wa mashine. CompuServe ilikuwa imekwisha kuandika programu nyingi kwa lugha ya mashine hizo. Haikuzitupa. Ilinunua mashine za kampuni nyingine, Systems Concepts, zilizoundwa kutii maagizo yaleyale ya PDP-10, na kwa njia hiyo programu za zamani ziliendelea kuhudumia watu kwa miaka mingi baada ya aliyezitengenezea mashine kuondoka. Programu nzuri huishi kuliko chuma kilichoizaa, mradi awepo mtu wa kuitafutia makao.

MAMBO YANAYOMFUNGA MGENI

Ikiwa ni faili tu, kwa nini watu wanakwama? Wanakwama kwa sababu mgeni huwa amefungwa kwa kamba zisizoonekana. Tuzitaje moja baada ya nyingine.

Kamba ya kwanza ni ukoo wa kichakataji. Windows XP na programu za zamani ziliandikwa kwa ajili ya vichakataji vya ukoo wa Intel na AMD. Tangu Novemba 2020 Apple imekuwa ikiuza kompyuta zenye vichakataji vya ukoo mwingine, uitwao ARM, na zipo pia kompyuta mpya za Windows zenye vichakataji vya ukoo huo. Ndani ya kompyuta kama hizo mgeni wetu hataamka kwa njia ya kawaida. Itabidi kila agizo lake litafsiriwe, naye atakwenda polepole mno. Basi kabla kamati haijatoa hata senti moja, iulize dukani: kichakataji hiki ni cha ukoo gani?

Kamba ya pili ni funguo. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, mfumo ukijikuta juu ya maunzi mapya huweza kushuku kwamba umeibiwa, ukadai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao hataingia, wala hakuna wa kumhurumia. Walio na mgeni wa Windows 11 ndani ya Hyper-V wana jambo jingine la kuzingatia: kijisehemu pepe cha TPM cha mgeni huyo hulindwa kwa vyeti vya siri vinavyokaa kwa mwenyeji wa zamani. Faili likihamishwa bila ya vyeti hivyo, mgeni hataamka.

Kamba ya tatu ni leseni. Windows iliyouzwa pamoja na kompyuta fulani kwa kawaida huwa imefungamana na kompyuta ileile. Ruhusa yake haihami kwa kuwa faili limehama. Vilevile zipo programu za hesabu zinazotazama nambari ya kadi ya mtandao, na nambari ikibadilika hukataa kufunguka. Haya yaulizwe mapema, na haki ya mwenye programu ilipwe. Fedha za jumuiya hazifai kulindwa kwa kitu kilichopatikana kwa njia isiyo sawa.

Kamba ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni mtu. Ni nani anayelijua neno la siri la XP ile? Aliyeiandika programu amehamia jimbo jingine. Aliyeiweka ndani ya VirtualBox ameoa na ana kazi mbili. Mweka hazina anajua kubonyeza alama moja tu. Katika jumuiya nyingi elimu yote ya mashine imo katika kichwa cha mtu mmoja, na siku mtu huyo asipopatikana kompyuta nzima hugeuka kuwa sanduku lililofungwa. Mafaili hunakiliwa kwa saa moja. Elimu ya mtu huyo haina pa kunakiliwa isipokuwa akae kitako na wenzake, aeleze, nao waandike.

UTARATIBU WA KUHAMA

Sasa tuseme kompyuta mpya imekwisha kuja, ya ukoo unaofaa. Utaratibu ufuatao ni wa VirtualBox, ambayo wengi wetu wanaitumia, lakini kanuni zake zinafaa kwa nyingine pia.

Kwanza, tangazeni siku. Mweka hazina asiingize mchango wowote kuanzia saa mliyokubaliana, na ripoti ya mwisho ya hesabu ichapishwe kwenye karatasi: jumla ya fedha, idadi ya familia, na mchango wa mwisho kuingizwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayotumika kupimia.

Pili, mgeni azimwe kabisa kwa njia ya kawaida, kama mtu anavyozima kompyuta yoyote. Asiachwe katika usingizi wa nusu, maana hali ya usingizi huhifadhi mambo ya kichakataji cha zamani, na kichakataji kipya huenda kisiyakubali.

Tatu, tazameni kama kuna vituo vya kurejea, yaani hali za nyuma zilizohifadhiwa ndani ya VirtualBox. Vituo hivyo huigawanya diski ya mgeni katika mafaili kadhaa yanayotegemeana, na likiachwa moja, mengine hayafai kitu. Aidha nakilini folda nzima ya mgeni pamoja na vyote vilivyomo, au mtumie njia ya kumtoa mgeni kwa umbo la OVA, ambalo hukusanya kila kitu katika faili moja. Fahamuni tu kwamba OVA huchukua hali ya leo peke yake. Vituo vya nyuma haviendi nayo.

Nne, chagueni chombo cha kubebea. Vijidiski vingi vya mfukoni huuzwa vikiwa vimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haukubali faili moja lizidi gigabaiti 4. Mtu hunakili, kazi hukatika njiani, akadhani kijidiski ni kibovu. Kipangwe upya kwa mtindo wa exFAT au NTFS kabla ya kutia kitu, maana kukipanga upya hufuta vilivyokuwamo. Wala msishangae kazi ikichukua muda: faili la gigabaiti 60, likipita kwa mwendo wa megabaiti 30 kwa sekunde, huchukua zaidi ya nusu saa.

Tano, hakikisheni kwamba nakala ni sawa na asili. Windows inayo amri iitwayo certutil, ambayo hulisoma faili zima na kutoa alama yake ya utambulisho. Ukichagua kipimo cha SHA-256, alama hiyo huwa na herufi na tarakimu 64. Fanyeni hivyo kwa faili la asili na kwa nakala. Alama zikilingana, nakala ni kamili. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, rudieni.

Sita, kwenye kompyuta mpya wekeni kwanza toleo lilelile la VirtualBox lililokuwa katika ya zamani. Msibadilishe mambo mawili kwa siku moja, maana kasoro ikitokea hamtajua imetoka wapi. Mgeni akisha tulia, toleo jipya litafuata. Mkitumia OVA, wakati wa kumwingiza chagueni kubakiza nambari za kadi ya mtandao kama zilivyokuwa, ikiwa programu yenu inazitazama.

Saba, mwamsheni mgeni akiwa hana mtandao. Kwa Windows XP ningependa abaki hivyo daima. Mfumo ulioachwa tangu 2014 una milango mingi iliyo wazi, na hesabu za mfuko hazihitaji intaneti hata kidogo.

Nane, pimeni. Mweka hazina mwenyewe, wala si kijana fundi, akae kwenye kiti, afungue programu, achapishe ripoti ileile, kisha karatasi mbili ziwekwe pamoja na kusomwa mstari kwa mstari mbele ya mashahidi wawili. Fundi anaweza kusema mgeni ameamka; lakini mwenye kuijua hesabu ndiye awezaye kusema kwamba hesabu imefika.

Tisa, na hili ni la kusisitiza: msiendeshe mbili kwa wakati mmoja. Nakala ikisha kukubaliwa, ile ya zamani izimwe na ibandikwe karatasi yenye maandishi makubwa: ISITUMIKE. Mkiziacha zote wazi, mmoja ataingiza michango ya Mei katika hii, na mwingine ataingiza ya Juni katika ile, nanyi mtakuwa na madaftari mawili yanayodai kuwa la kweli. Kuyaunganisha tena ni kazi ya miezi.

Kumi, msiitupe ya zamani mapema. Wazee wetu walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Iwekeni miezi mitatu, mpaka mfunge hesabu angalau mara tatu katika mashine mpya bila ya dosari. Baada ya hapo diski yake ifutwe kwa programu ya kufuta kabisa, au iharibiwe, kabla ya chuma kutolewa sadaka au kupelekwa kwenye taka za elektroniki. Majina na simu za watu yasimfikie mnunuzi wa vitu vikuukuu.

Kwa wale ambao XP yao ingali juu ya chuma chake cha asili, safari ni hiyohiyo ila ina hatua moja ya mwanzo: kuigeuza diski halisi iwe faili. Ipo programu ya Microsoft ya bure, Disk2vhd, iliyoandikwa kwa kazi hiyo. Na mkiona mgeni anaamka kwa skrini ya buluu, msikate tamaa. Mara nyingi XP iliyozoea diski ya aina ya IDE imepewa ya SATA. Badilisheni hilo katika mipangilio, mjaribu tena.

NAKALA TATU, MIJI MITATU

Kuhama salama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba hata mashine mpya itakufa. Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh alieneza kanuni iliyo nyepesi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mahali pengine.

Hayo ya "mahali pengine" sisi wa Tonawanda tunayaelewa. Katika dhoruba ya theluji ya Desemba 2022, zaidi ya watu 40 walifariki katika eneo letu la Buffalo, barabara zilifungwa kwa siku kadhaa, na nyumba nyingi zilikatikiwa na umeme. Daftari lililokuwa katika chumba cha chini cha mweka hazina, pamoja na nakala yake katika kabati la chumba hichohicho, lilikuwa halifikiki, hata kama lilikuwa zima. Wakazi wa Louisville nao wanayo habari ya Januari 1937, Mto Ohio ulipofurika na kuumeza sehemu kubwa ya mji. Maji na theluji havitofautishi kati ya asili na nakala vikizikuta pamoja.

Lakini tunayo neema ambayo wengine hawana. Jarida hili husomwa katika miji mitatu, na jumuiya zetu zimeungana kwa ndoa, kwa ujamaa na kwa ujirani wa zamani. Basi jumuiya ya Buffalo iwawekee amana ndugu wa Columbus, ya Columbus iwawekee wa Louisville, na ya Louisville iwaletee wa Buffalo. Kijidiski kimoja, kila robo mwaka, kikabidhiwe mkononi kwa mtu anayesafiri kwenda harusini au kwenye Idi. Kifungwe kwa neno la siri, ili mwenye kukihifadhi asiweze kukisoma, kwa sababu amana ya kuhifadhi si ruhusa ya kuchungulia. Neno hilo liandikwe kwenye karatasi mbili, zikae katika bahasha zilizofungwa, kwa watu wawili wa kamati wasiokaa nyumba moja.

Na pamoja na kijidiski liwepo jambo moja ambalo halihitaji umeme: ukurasa mmoja wa Kiswahili uliopigwa chapa, unaoeleza jina la msimamizi na toleo lake, mahali faili lilipo, namna ya kumwamsha mgeni, na programu ifunguliwe vipi. Ukurasa huo apewe mtu asiyejua kompyuta sana, aufuate peke yake huku wengine wamekaa kimya. Pale atakapokwama ndipo penye upungufu. Palekebishwe, apewe mwingine.

Siku hizi watu husema, "Tuyaweke yote katika seva za kukodi, tupumzike." Si neno baya. Amazon ina vituo vyake vikubwa huko Ohio tangu 2016, na mgeni wetu anaweza kupangishiwa chumba humo kama alivyopangishiwa kwetu. Lakini hapo pia kuna kodi ya kila mwezi, kuna anwani ya barua pepe ya mtu mmoja iliyofungulia akaunti, na kuna kadi ya benki itakayokwisha muda wake. Ile kamba ya nne haikukatika. Imehama tu pamoja nasi.

Nawashauri waweka hazina wasingoje diski igote kwa mara ya mwisho. Katika mkutano ujao wa kamati liwekwe swali moja katika ajenda, nalo ni hili: mashine yetu ikizimika usiku wa leo, na msiba ukatokea kesho alfajiri, nani kati yetu anaweza kulifungua daftari, na kwa mashine ipi? Jibu likiwa ni jina la mtu mmoja tu, panapo kazi ya kufanya kabla theluji haijaanza kuanguka.

Mwenye swali aliandike kwa hati inayosomeka na kumkabidhi msambazaji wa jarida katika mji wake. Tukijaaliwa, tutakutana tena barazani mwezi ujao.

Wassalaam.